Mbao Alizoziombea Ndambiri

Watu wengi wa upande wetu wa Ishiara wanamkumbuka Ndambiri Ireri kama mzee wa geti. Wanamwona alivyosimama kando ya mto Thuci, gunia la plastiki mabegani, mvua ikimchapa, akiwakatalia kuvuka daraja. Walimtukana, wakamwita askari wa maji, na wengine walisema huzuni imempanda kichwani. Mimi nilikuwa jirani yake. Shamba lake na letu yalitenganishwa na mstari wa mikonge tu, na ninamkumbuka kabla ya geti kuwepo, daraja likiwa wazi wakati wote na mke wake Cicily akiwa bado hai.

Daraja hilo halikuwa la serikali. Lilikuwa la kebo na mbao, la watu wa miguu, na watu wenyewe ndio waliolijenga. Ng'ambo ya Thuci tuna ndugu, tuna mabinti walioolewa, tuna mashamba ya kukodi. Zamani mto ukijaa, aliyekuwa na haraka ya kwenda huko alizunguka na barabara kubwa na kufika kesho yake. Mwaka wa 1988 Ndambiri na rafiki yake Kivuti wakasema imetosha. Kivuti alitafuta kebo, vijana wakabeba mawe ya kujengea nguzo, na Ndambiri, aliyekuwa fundi seremala, akapasua mbao za mukau, mti wa nyika yetu ambao hata mchwa wanauogopa. Daraja likasimama. Siku ya kulifungua, Cicily ndiye aliyevuka wa kwanza, mtungi wa maji kichwani, makusudi, ili akina mama wenzake wasiogope.

Tangu hapo, kila mwaka mvua ikikaribia, Ndambiri alishuka mtoni na nyundo na spana. Aligonga ubao mmoja mmoja na kusikiliza. Ubao mzima hulia, uliooza hunyamaza. Ulionyamaza aliung'oa, akaweka mwingine. Alikaza nati, akapaka kebo grisi, akachunguza mahali ilipofungwa kwenye nguzo. Kazi hiyo ilimla siku ambazo wenzake walikuwa wakipanda mtama na ndengu. Watu walimpita wakisema, "Pole kwa kazi, mzee," wakaenda zao. Aliyemshikia spana ni Cicily.

Kisha ikaja ile habari ya nyuki. Ndambiri alikuwa na mizinga mingi, kama wanaume wengi wa kwetu Mbeere. Siku moja ya mwaka wa 1994 alipanda mtini peke yake kurina asali, moshi ukazimika, nyuki wakamvamia. Alianguka chini, akavimba uso hadi macho yakapotea, na pumzi ikawa ya kukwama kwama. Gari la kumpeleka hospitali halikupatikana. Watu wa kanisa la mabati lililo upande wa juu wa soko waliitwa, wakamzunguka pamoja na mchungaji wao kijana, Pasta Riungu, mtu wa Meru, wakaomba hadi jua likatua. Ndambiri akapata pumzi. Baada ya siku chache akatembea. Jumapili iliyofuata alisimama mbele ya kanisa, akalia kama mtoto, akaokoka.

Sitamcheka mtu kwa hilo. Nilimwona alivyovimba, na nilimwona akitembea. Shukrani yake ilikuwa ya kweli. Aliacha pombe ya asali, akaacha ugomvi wa mipaka na majirani, sisi tukiwemo. Akafanywa mzee wa kanisa na kiongozi wa maombi. Lakini pamoja na imani ulikuja wepesi fulani uliofanana nayo sana, na yeye mwenyewe hakuweza kuvitofautisha. Mizigo mingi aliyokuwa akiibeba aliitua. "Nimemwachia Bwana," alisema. Mbuzi akiugua, alimwachia Bwana. Paa likivuja, alimwachia Bwana. Na daraja, lililokuwa limemchosha kuliko vyote, nalo likaachwa.

Mwaka wa 1995 alilikagua nusunusu. Mwaka uliofuata hakushuka na nyundo kabisa. Alishuka na washirika wa kanisa, wakasimama penye nguzo, wakainua mikono, wakalikabidhi daraja kwa Mungu. Pasta Riungu aliomba mpaka sauti ikakauka. Watu walirudi nyumbani wakiimba, na mwaka ule hakuna baya lililotokea. Sote tukaona mambo yako sawa.

Cicily hakuwa mpinzani wa maombi. Alikuwa mtu wa kanisa tangu usichana wake, miaka mingi kabla ya mumewe. Ila maombi yake yalikuwa mafupi. Aliyasema akifunga mbuzi au akipepeta mtama, na akifika amina mikono yake ilikuwa bado kazini. Jioni moja niliwasikia wakiongea, mimi nikiwa upande wetu wa mikonge.

"Baba Mwendwa, ile nyundo ya daraja iko wapi?" Cicily aliuliza.

"Iko tu ndani. Ya nini?"

"Kuna ubao kule karibu na ng'ambo. Nimeukanyaga leo, ni laini kama muhogo uliooza."

"Tumeliombea lile daraja, mama."

"Najua. Nilikuwepo, na amina nilisema. Lakini Mungu alikupa mikono miwili, Baba Mwendwa. Hakukupa ya kuinua tu."

Ndambiri alicheka. Hakuwa mtu wa kukasirishwa na mkewe. "Nimepasua mbao mpya, si unaziona hapo ukutani? Mvua ikipungua nitashuka."

"Mvua haiambiwi ngoja," Cicily akasema, akaingia jikoni.

Hiyo ilikuwa Oktoba ya 1997, na haikupungua. Waliokuwa hai wakati huo hawahitaji kuelezwa mvua ya El Nino. Huku kwetu, ambako tumezoea kuangalia mawingu yakipita kwenda kunyesha kwa watu wa juu, tulilala na mvua, tukaamka na mvua. Vyoo vilibomoka, ndengu zikaozea mashambani, na Thuci ikawa na sauti iliyosikika mpaka sokoni.

Katikati ya mvua hiyo Mwendwa, binti pekee wa Ndambiri na Cicily, akajifungua. Alikuwa ameolewa ng'ambo na kijana anayeitwa Mithika. Mtoto wake wa kwanza alikuwa amepewa jina la mama yake Mithika, kama ilivyo desturi. Huyu wa pili, msichana vilevile, akaitwa Cicily. Nyanya alipopata habari kwamba wajina wake amezaliwa hakukaa chini. Alisaga wimbi na mtama, akafunga kuku miguu, akatia kila kitu kwenye kiondo. Asubuhi ya pili mvua ilipotoa nafasi kidogo, akasema anaenda kumpikia mzazi uji.

Ndambiri alimsindikiza mpaka mtoni. Yaliyotokea huko aliniambia mwenyewe, si mara moja. Maji yalikuwa ya rangi ya matofali, yakibeba miti mizima. Cicily aliangalia daraja, akaangalia maji. "Tuombe basi," akasema. Ndambiri akamwekea mkono begani, akafumba macho, akaomba kwa kirefu. Aliomba Mungu awatume malaika washike nguzo. Cicily akasema amina. Kisha akakaza mkanda wa kiondo kwenye paji la uso na kumwambia mumewe, "Shika kebo hapa isiyumbe sana."

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kwa mumewe.

Alivuka vizuri mpaka akapita katikati. Alipokaribia ng'ambo, ubao ukampasukia chini ya mguu. Alidumbukia hadi kiunoni, akashika kebo kwa mkono mmoja, mkono wa pili ukihangaika na mkanda wa kiondo uliokuwa ukimvuta nyuma. Ndambiri akakimbia kumfuata. Alikuwa hajafika hata nusu wakati kibano kilichoshika kebo kwenye nguzo ya upande wa pili, ambacho hakikuwa kimekazwa kwa zaidi ya mwaka, kilipoachia. Daraja likageuka ubavu. Yeye alinaswa na nyaya, akabaki ananing'inia mpaka watu wakaja kumtoa. Mkewe hakunaswa. Kiondo kilifunguka majini, unga ukatanda kama povu, halafu maji yakawa ya rangi ile ile ya matofali.

Kivuti na vijana walimpata baada ya siku kadhaa, mbali kuteremka mto, penye mchanga. Tulimzika shambani kwake, mvua ikijaza kaburi huku tukichimba. Mwendwa alikuja kwa kuzunguka barabara, mtoto mchanga kifuani. Hakulia kwa sauti. Wakati wa kutia udongo alimsogelea baba yake mbele ya watu wote.

"Wanasema ulimwombea kabla hajavuka."

"Nilimwombea," Ndambiri akajibu.

"Na ulikagua?"

Ndambiri akaangalia kaburi. Mwendwa alingoja jibu muda mrefu hata sisi tukaangalia chini. Kisha akafunga mtoto vizuri na kuondoka na wakwe zake kabla hata chai haijatolewa. Kwa miaka miwili hakurudi kwa baba yake.

Siku ya tatu baada ya mazishi Pasta Riungu alikuja kumfariji. Nilikuwa hapo, nimeleta maziwa. Alikuwa kijana mwenye moyo safi, na alisema yale ambayo wachungaji husema. "Mzee, tusiulize maswali. Ni mapenzi ya Mungu. Mungu alimpenda zaidi."

Ndambiri aliinua macho. "Pasta," akasema polepole, "usimsingizie Mungu."

"Sijasema vibaya, mzee."

"Ubao ulioza, mimi nikiwa fundi. Mbao mpya ziliegemea pale ukutani, bado ziko. Mke wangu aliniambia kwa mdomo wake. Mungu aliingia wapi hapo?"

Pasta alifungua Biblia yake, akaifunga. Aliomba kimoyomoyo, akatoka, na nilimwona akisimama njiani kama mtu aliyesahau kitu.

Baada ya hapo Ndambiri akawa mtu mwingine. Kanisani alienda, lakini alikaa nyuma kabisa karibu na mlango, na akiombwa kuongoza maombi alitikisa kichwa. Aliniambia kwamba kila akifumba macho anamwona Cicily pale ubao ulipompasukia. Aliacha pia kumwamini mtu yeyote kwa jambo lolote. Aliyekuwa amemwachia Bwana kila kitu, sasa hakumwachia hata usiku. Alifunga mbuzi kwa kamba mbili. Akifunga mlango, alirudi kuujaribu, akaenda, akarudi tena. Alikonda mpaka shati likawa la mtu mwingine.

Mvua ilipokwisha alisema daraja litajengwa upya, naye ndiye atakayelijenga. Alihitaji kebo. Siku ya soko alipeleka mbuzi wake Ishiara, akamtafuta Salad. Salad alikuwa mfanyabiashara wa Kisomali kutoka Maua aliyekuja na lori lake kununua mbuzi na ndengu, na tulimzoea kwa sababu hakupunja. Alikuwa na kebo ya winchi ya lori, ngumu, ambayo hakuitumia tena. Alikubali kubadilishana na mbuzi. Akaiteremsha chini, na Ndambiri akachuchumaa akaanza kuipitisha mkononi, kidogo kidogo, kutoka mwanzo hadi mwisho. Alipofika mwisho akaanza upya. Soko likaanza kupungua watu. Akaanza tena.

"Mzee wangu," Salad akamwuliza, "unatafuta nini humo?"

"Mahali itakapokatikia."

"Na usipopaona?"

"Nitatafuta tena."

Salad alikaa juu ya gunia karibu naye. Alikuwa amesikia habari za Cicily; nani sokoni hakuwa amesikia? "Mimi kila asubuhi naingia chini ya lori, naangalia breki," akasema. "Nikitoka nasema bismillahi, naondoka. Ile bismillahi si breki, mzee. Na breki si bismillahi. Nilikuwa na ndugu, Ugas. Alikuwa mwangalifu kuliko mimi. Siku alipokufa breki zake zilikuwa mpya. Gari lingine ndilo lilimfuata upande wake."

"Sasa faida ya kuangalia ni gani, kama alikufa tu?"

Salad akafikiri. "Alikuwa amefanya yake. Nilipomzika, nililia. Kulia tu. Hakukuwa na neno la lawama juu yake."

"Mimi juu yangu liko."

"Liko. Siwezi kukudanganya, hilo utalibeba. Lakini naona sasa unataka kuwa breki, tena uwe bismillahi. Binadamu hawezi, mzee. Atapasuka."

Ndambiri akasimama. Aliikunja kebo, akaibeba nyumbani. Lakini maneno hayo aliyaweka, kwa sababu ni yeye aliyenisimulia, na hakuwa mtu wa kusimulia yaliyompita.

Kazi ilichukua sehemu kubwa ya mwaka wa 1998. Mwanzoni walikuwa wawili tu, yeye na Kivuti. Asubuhi moja Pasta Riungu alishuka mtoni akiwa amevaa gambuti za mpira, bila Biblia, akashika upande mmoja wa ubao waliokuwa wakiuinua. "Mzee," akasema, "nami nilisimama hapa nikasema amina. Nipe kazi." Ndambiri akampa nyundo. Jumapili ile Pasta hakuhubiri juu ya malaika. Aliwaambia washirika siku gani ya kuja kubeba mawe, nao wakaja, pamoja na wale waliokuwa wakipita wakisema pole kwa kazi.

Daraja jipya likasimama, imara kuliko la kwanza. Na hapo Ndambiri akaongeza kitu ambacho hakuna aliyekitarajia. Alijenga geti la miti kila upande, akatia mnyororo na kufuli. Ufunguo wa upande wetu aliuvaa shingoni, wa ng'ambo akampa mzee mmoja wa huko waliyeelewana naye. Alipaka alama nyekundu kwenye nguzo. Maji yakifika hapo, mageti yanafungwa, awe ni nani. Watu walilalamika sana. Kuna aliyekosa mnada wa ng'ombe, kuna bibi harusi aliyechelewa harusi yake mwenyewe. Chifu aliitwa, akaja, akasikiliza matusi, akamwangalia Ndambiri, kisha akasema ufunguo ubaki hapo ulipo.

Miaka miwili ikawa imepita tangu mazishi. Mwendwa alikuwa hajakanyaga kwetu. Ndambiri alimwona mjukuu wake kwa mbali tu, siku za soko, na hakuwahi kumsogelea kwa sababu mama yake alikuwa akigeuka. Mwishoni mwa 1999 mvua ilinyesha kwa nguvu huko juu mlimani. Huku kwetu palikuwa na manyunyu tu, lakini Thuci ikapanda alasiri moja hadi ikavuka alama nyekundu. Mageti yakafungwa.

Jioni hiyo Mwendwa akatokea ng'ambo, mtoto mgongoni. Tuligundua baadaye kilichomleta. Mithika alikuwa amepata kazi kwenye shamba moja huko Ruiri, mbali upande wa Buuri. Nyumba walikuwa wameifunga, vyombo vimeshatangulia na lori, naye Mithika pamoja na mtoto mkubwa wakatangulia navyo. Mwendwa alikuwa amebaki nyuma makusudi. Alitaka kuona kaburi la mama yake kabla ya kuhama.

Mto ulikuwa ukinguruma, hakuna sauti iliyoweza kuvuka. Alimpungia baba yake mkono, akaonyesha geti. Ndambiri akatikisa kichwa. Akaonyesha tena, akamgeuza mtoto ili babu amwone. Ndambiri alisimama na ufunguo mkononi. Tulikuwa watu wachache pale, na kijana mmoja akashindwa kuvumilia.

"Mzee, fungua! Daraja ni jipya, umelijenga mwenyewe. Na ni mtoto wako!"

"Hata mama yake alikuwa wangu," Ndambiri akasema.

"Basi tuombe halafu avuke haraka."

Ndambiri akamgeukia, na uso wake ulikuwa wa kutisha. "Usiseme hivyo tena mahali hapa."

Alirudisha ufunguo ndani ya shati. Akamwashiria binti yake kwa mkono: zunguka, pita barabarani. Mwendwa alisimama akimtazama. Aliokota jiwe akalirusha majini kwa nguvu zake zote, akageuka na kuondoka. Ndambiri hakutoka pale mpaka giza likamficha ng'ambo. Nilirudi nyumbani naye. Mlangoni akaniuliza tu, "Unafikiri atazunguka, au amekwenda?"

Daraja lilistahimili. Kulipokucha lilikuwa pale pale, mbao zote zikiwa mahali pake, na yule kijana na wenzake walihakikisha Ndambiri anasikia wakisema kwamba Mwendwa angevuka bila shida. Huenda ni kweli.

Alifika mchana wa siku hiyo, matope hadi magotini, mtoto amelala mgongoni. Ndambiri alikuwa ameketi nje. Hawakushikana mikono.

"Ulinikatalia," Mwendwa akasema.

"Nilikukatalia."

"Nimelala kwa watu nisiowajua. Mtoto amenyeshewa."

"Pole, mami."

Mwendwa alimtua mtoto chini. Alizungusha macho uani, kwenye mawe ya kusagia, kwenye ukuta ambapo zile mbao za mwaka wa El Nino zilikuwa bado zimeegemea, zimekuwa za kijivu. Ndambiri hakuwahi kuzitumia, na hakuruhusu mtu aziguse.

"Ungefunga siku ile, baba," akasema, na sauti ikamvunjika.

"Ningefunga," Ndambiri akasema. "Mama yako aliniambia. Mbao zilikuwa hapo. Nilichagua kuomba kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko kushuka. Ningefunga, mami. Ningekagua."

Miaka miwili watu walimwambia si wewe, mzee, ni mipango ya Mungu. Mwendwa hakumwambia hivyo. Aliitikia kwa kichwa, akaketi chini karibu naye, wakalia wote wawili, na mtoto akawa anawaangalia huyu kisha yule. Mimi niliweka maziwa mlangoni nikaondoka, lakini mikonge haizuii sauti, na baadaye nikawaona wakienda kaburini.

"Omba, baba," Mwendwa akamwambia.

"Siwezi. Nikifumba macho namwona."

"Basi usifumbe."

Ndambiri aliomba macho yakiwa wazi, akiangalia udongo. Sijui kama nimeyakumbuka maneno yake yote, maana yalikuwa machache. "Mungu, aliyelegea ni mimi, si wewe. Huyu anaenda mbali, mahali mikono yangu haifiki. Huko namwacha kwako. Amina."

Walikaa naye siku mbili. Alimpasulia mtoto kijiti cha mukau, akamchongea mwiko mdogo, na mtoto akashinda akikoroga mchanga. Siku ya kuondoka, mto ukiwa bado juu, aliwasindikiza hadi barabarani kungoja gari la kwenda Meru. Mwendwa alisema atakuja baada ya mavuno. Alikuja, ingawa si mavuno hayo. Ruiri ni mbali, na kazi ya shamba la mtu haina ruhusa nyingi. Hakumkumbatia baba yake siku hiyo, lakini alimrudia kutoka kwenye gari kumfunga kifungo cha shati kilichokuwa wazi, kisha akapanda.

Nilipita kwa Ndambiri jioni. Alikuwa ndani peke yake. Bakuli la mtoto lilikuwa bado mezani, uji umeganda pembeni, na alikuwa amelishika kwa mikono miwili bila kuliosha. Nilimwuliza kama anahitaji chochote. Akasema hapana, akaniomba tu nikae kidogo.